VITA VYA KAGERA NA WALIOBAKI NYUMBANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya mambo ya zamani ambayo vijana wetu hawakuyaona. Hesabu za magunia na bei zimo katika taarifa mliyogawiwa asubuhi, na kila ajuaye kusoma atazisoma mwenyewe. Mimi nimechagua kusema habari za vita. Wala sitasema habari za mizinga na majemadari, maana hizo zimekwisha kuandikwa na watu waliokuwako. Nitasema habari za nyumbani: shamba, duka, ghala na daftari. Mwisho wa maneno yangu nitawaomba mambo matatu, nanyi mtaona kwa nini nimepitia njia hii ndefu ili niyafikie.

Vita havikuwa vigeni

Nchi yetu hii ya mpakani imezoea kuona vita vikija kwa miguu. Katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka upande wa Rwanda na Urundi, na katika mwezi wa Juni 1916 yakaishika Biharamulo, penye boma lile la Wadachi ambalo hata leo lasimama. Majeshi ya siku zile hayakuwa na motokaa za kutosha; yalisafiri juu ya vichwa vya watu. Mtu aliyechukuliwa kuwa mpagazi hakupalilia shamba lake, na shamba lisilopaliliwa halikulisha nyumba. Ndiyo maana wazee wetu walisema kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia.

Katika Vita Kuu ya pili vijana wa Tanganyika walikwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma katika jeshi la King's African Rifles. Nyumbani watu waliona nguo zikiadimika na bei zikipanda. Lakini vita vyote viwili vilikuwa vya wakubwa wa mbali. Sisi tuliitwa tu. Vita ambavyo taifa letu lenyewe lilivipigana, kwa akili yake na kwa jasho lake, ni vile vya mwaka 1978 na 1979. Navyo vilianzia katika mkoa wetu huu, ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi, na tangu mwaka 1979 ukaitwa Kagera.

Jinsi vita vilivyotufikia

Wengi wenu mwajua habari yenyewe, basi nitaipita kwa haraka. Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda mwezi wa Januari 1971. Mwaka 1972 ndege zake zilikwisha kuishambulia miji ya Bukoba na Mwanza. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliuvuka mpaka, yakalitwaa eneo lote lililo kaskazini ya Mto Kagera, lenye maili za mraba zipatazo 700, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu wa huko wapatao 1,500 waliuawa, na wengine wapatao 40,000 walikimbilia kusini ya mto, wakiwa na kile tu walichoweza kushika mkononi. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa na kuharibiwa. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisema na taifa kwa redio, akatueleza kwamba uwezo wa kumpiga adui tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Mimi nalikuwa kijana wa miaka ishirini, karani wa ghala la kijiji kimoja katika milima ya Bugufi, hapa Ngara. Redio ya kijiji ilikuwa moja, na betri zake zilikuwa zimechoka. Tulikuwa tukizianika juani mchana ili zipate kusema jioni. Tulisikiliza sote kimya, nami nakumbuka kwamba baada ya hotuba ile hakuna aliyeuliza kama vita vitatufikia. Watu waliuliza tu ni nani watakaokwenda.

Vitu vilivyoondoka

Vita huanza kubadili maisha ya nyumbani kwa kuondoa vitu, kimoja baada ya kingine.

Kwanza waliondoka watu. Mgambo waliitwa kutoka mikoa yote, na jeshi likaongezeka kwa maelfu mengi katika muda wa miezi michache. Katika kijiji chetu walikwenda vijana, na pia wenye nyumba, watu wenye mibuni yao na watoto wao.

Pili yaliondoka magari. Serikali iliyachukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi, nayo yakapelekwa kubeba askari na vyakula. Barabara ya nchi kavu itokayo Mwanza kwenda Bukoba hupita Biharamulo, na wilaya ya Biharamulo ya siku zile ilifika mpaka Chato, kandokando ya Ziwa. Watu wa huko waliona vumbi la malori usiku na mchana. Lakini lori lililopita kwenda vitani halikusimama kupakia pamba, wala halikupanda milima ya Ngara kuchukua kahawa. Vita vilikuwa na haki ya lori lile; hilo sikatai. Nasema tu kwamba mazao yalikaa ghalani, na mkulima akakaa bila fedha.

Tatu viliondoka vitu vya dukani. Sukari ilitutoka mapema, maana kiwanda kilikuwa mikononi mwa adui. Kisha sabuni, mafuta ya taa, chumvi, khanga na kaniki, na jembe lenyewe. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa na orodha, na bidhaa zilipofika zilipimwa mbele ya watu. Nyumba ilipata kipande cha sabuni, na iliyokosa ilifua kwa majani ya mpapai au kwa maji ya majivu. Watoto walilala mapema kwa kuwa kibatari hakikuwa na mafuta.

Na nne, watu walitoa wenyewe. Nchi nzima ilichanga: fedha, ng'ombe, mbuzi, ndizi, maharage. Sisi pia tulichanga. Hapa pana jambo ambalo hutajwa mara chache. Vita vilitukuta hatuna chama kikuu. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa nchini, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Mtu wa Bukoba aliyezoea tangu mwaka 1950 kuwa na chama chake kikuu, na mtu wa kwetu aliyezoea kupeleka shida zake kwa chama, wote walijikuta wakikabili msimu wa vita bila chombo chao wenyewe cha kusema juu ya magari, madeni na malipo. Vijiji vilifanya vilivyoweza. Lakini kijiji kimoja hakiwezi kuomba lori kikasikiwa.

Aliyebaki ndiye aliyelima

Basi ikiwa mume amekwenda, na lori limekwenda, na dukani hamna kitu, ni nani aliyeishika nchi? Jibu twalijua sote. Akina mama.

Katika vilima vyetu kazi zilikuwa zimegawanywa tangu zamani. Mibuni ilihesabiwa kuwa ya mwanamume. Yeye aliipogoa, yeye akaenda kwenye mizani, yeye akapokea fedha. Maharage na mahindi ya chakula yalikuwa ya mwanamke. Vita viliuvunja mpango huo bila kumwuliza mtu. Mama mwenye mtoto mgongoni alipogoa mibuni kwa panga la mumewe. Alichuma, akamenya kahawa kwa mashine ya mkono, akaiosha, akaianika, akailinda na mvua. Kisha akaibeba kichwani mpaka ghalani. Na jioni alikuwa bado na kuni, na maji, na watoto, na baba mkwe mzee. Mimi naliyaona haya yote kwa kuwa nalikuwa nikisimama kwenye mizani. Msimu wa mwaka 1978 waliojipanga mbele yangu walikuwa wanaume. Msimu wa mwaka 1979, tangu asubuhi hata jioni, nalipima karibu mikono ya wanawake mitupu.

Jambo hili halikuwa letu peke yetu. Uingereza, katika vita vilivyoanza mwaka 1939, ilikuwa na jeshi zima la wanawake wa mashamba ili nchi isife kwa njaa wakati wanaume wakipigana. Kila penye vita vikubwa huonekana kuwa jeshi lililo mbele husimama juu ya mabega ya watu walio nyuma.

Daftari langu

Sasa, Bwana Mwenyekiti, naomba ruhusa niseme habari moja ambayo si ya sifa kwangu.

Desturi yetu ilikuwa kuandika kahawa kwa jina la mwenye nyumba. Sikuitunga mimi, naliikuta. Mama mmoja wa kijiji chetu alileta kahawa yake mara tano katika msimu ule wa 1979. Kila mara naliipima, na kila mara nikaliandika jina la mumewe, aliyekuwa katika mgambo ng'ambo ya mpaka. Kampala ilikuwa imekwisha kuanguka mwezi wa Aprili, na sisi tulingoja watu warudi. Wengine walirudi. Mume wa mama huyu hakurudi.

Malipo yalichelewa, kama yalivyochelewa kila mahali. Fedha zilipofika nalisoma majina barazani. Nilipolisoma jina la marehemu, ndugu yake alisimama, akasema kwamba mali ya ndugu yake ni mali ya ukoo, na ya kuwa yeye ndiye atakayeipokea. Yule mama akanitazama. Akasema: “Karani, ni wewe uliyepima. Uliona ni nani aliyeibeba.”

Nami nalimjibu: “Mama, daftari lasema hivi.”

Ni kweli kwamba daftari lilisema hivyo. Lakini aliyelifundisha daftari kusema ni mimi. Shauri lilikwenda kwa wazee, likaenda kwa ofisi moja, likarudi kwa wazee. Misimu miwili ilipita ndipo akapata sehemu tu ya haki yake. Na kahawa yake ya mwaka uliofuata haikuonekana kwenye mizani yetu. Nalijua kuwa imevuka mpaka usiku, wala sikuthubutu kumlaumu, kwa maana mnunuzi wa upande wa pili hakumwuliza jina la mumewe. Alimpa sabuni, chumvi na khanga mkononi, akaenda zake.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza jambo la pili: mali yenye daftari la uongo hupotea pamoja na mwenyewe.

Vita huisha mbele kabla ya kuisha nyumbani

Mwanzoni mwa Juni 1979 majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan, na vita vikaisha. Mashujaa wetu wamelala Kaboya, katika wilaya ya Muleba, na kila mwaka tarehe 25 Julai twawakumbuka. Lakini nyumbani vita havikuisha siku ile. Mwalimu alikuwa ametutaka tujifunge mkanda kwa muda wa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na mkanda haukufunguka.

Sababu zake zilikuwa nyingi, nasi hatuna budi kuzipambanua kwa haki. Vita vyenyewe vilikuwa vimetumia fedha nyingi za kigeni, na sehemu ya majeshi yetu ilibaki Uganda mpaka mwaka 1981. Tena bei ya mafuta duniani ilipanda sana mwaka ule ule wa 1979 baada ya machafuko ya Iran. Na bei ya kahawa, ambayo ilikuwa imepanda mno mwaka 1977 baada ya baridi kali kuiua mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, ilikuwa imeshuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Basi vita viliikuta nyumba ambayo paa lake lilikuwa limekwisha kuanza kuvuja.

Miaka iliyofuata ndiyo ile ya foleni na vibali, na ya unga wa mahindi ya njano ambao watu wa mijini waliuita Yanga. Magendo yakashamiri katika mipaka yetu yote, mpaka mwaka 1983 serikali ikatangaza vita vingine, vya kupambana na wahujumu wa uchumi. Silaha zilizopotea vitani zikaonekana mikononi mwa majambazi. Na mwaka ule ule wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa katika mkoa huu wa Kagera. Sisemi kwamba vita peke yake viliuleta ugonjwa. Nasema kuwa msafara wa watu katika mpaka uliovurugika uliusaidia kusafiri. Na hapo tena, baba na mama walipofariki, ni bibi mzee aliyebaki na shamba na wajukuu.

Hata mataifa tajiri yamelijua jambo hili. Uingereza ilianza kugawa sukari, siagi na nyama ya nguruwe kwa kipimo mwezi wa Januari 1940. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini kugawa chakula kwa kipimo kulikwisha mwezi wa Julai 1954. Mtoto aliyezaliwa siku ya ushindi alikuwa na miaka tisa ndipo mama yake aliponunua nyama bila kitabu cha kibali.

Nasi watu wa Ngara tulipewa somo la pili, ingawa vita havikuwa vyetu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakakaa Benaco. Mti ulikatwa, maji yakagombewa, bei za sokoni zikabadilika kwa wiki moja. Wako waliopata kazi na biashara, na wako waliopoteza mashamba na mifugo. Mkulima aliyekuwa na akiba ghalani alisimama. Asiyekuwa nayo aliyumba pamoja na wageni.

Mambo matatu ninayoomba

Ndugu wanachama, kumi ni umri mdogo kwa chama, lakini ni umri wa kutosha kupima kama mguu umekaza. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimekuja kuwatisha kwa vita. Mungu atuepushie. Lakini vita havina macho, wala njaa haina, wala maradhi hayana, na chama kinachojengwa kwa ajili ya misimu mizuri tu hakijajengwa bado. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, majina. Kanuni ya kwanza ya ushirika ulimwenguni yasema kuwa uanachama ni wa hiari na uko wazi kwa wote, mwanamume na mwanamke. Basi mtakaporudi nyumbani, lifungueni daftari la chama chenu cha msingi. Hesabuni majina ya wanawake. Kisha siku ya mizani, simameni kando mhesabu ni nani wanaobeba mizigo. Kama hesabu mbili hizi hazipatani, ninyi makatibu mnaandika kama nilivyoandika mimi mwaka 1979. Mwanamke alimaye mibuni na aandikwe kwa jina lake, apewe stakabadhi yake, apige kura yake. Nanyi akina baba msione kwamba mnanyang'anywa. Siku mtakapokuwa hampo, jina hilo ndilo litakalowalinda watoto wenu.

La pili, akiba. Kila msimu Mkutano Mkuu huona fedha ya ziada, na kila msimu tamaa yetu ni kuigawa yote. Nakumbuka ghala lililojaa kahawa na mkulima asiye na senti ya kununua chumvi, kwa sababu tu lori halikuja. Akiba haiozi. Na itengwe sehemu ambayo haiguswi ila kwa shida iliyotajwa katika masharti, na hesabu yake isomwe mbele ya wanachama kila mwaka, hata kama haikuguswa.

La tatu, kulipa upesi na kuandika kweli. Vita vilinionyesha kwamba mkulima huvumilia mengi. Alivumilia kukosa sabuni, akavumilia kufunga mkanda, akatoa ndizi zake kwa askari bila kuuliza. Jambo alilokataa kuvumilia ni kufanya kazi halafu asionekane katika hesabu. Polisi wa mpakani hawakuweza kuizuia kahawa ya mtu aliyekata tamaa na mizani yetu, wala hawataweza leo. Mpaka hulindwa kwanza pale penye daftari.

Yule mama niliyemsema amekwisha fariki. Katika maisha yake nalimwendea siku moja, nikamwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa ndizi, akaniambia kwamba hana kisasi nami, ila nisifanye hivyo tena kwa mtu mwingine. Nimekaa katika vyama vya msingi miaka mingi tangu siku ile, nami nimejitahidi kuutimiza wasia wake. Leo mikono yangu imechoka na kalamu nawaachia ninyi. Basi nawapeni na wasia pamoja nayo.

Bwana Mwenyekiti, nawatakia wanachama wote wa Ngara na Biharamulo miaka kumi mingine ya amani, mvua na bei njema. Na ikiwa haitakuwa miaka ya amani, basi na ituone tumeandikana majina.